Itereta za skripti na kodi ya C: uvute, usukume au ubebe kwa mafungu?

Kama unaandika injini kwa C halafu juu yake umeweka lugha ya skripti, iwe Lua, Python au Ruby, kuna siku utafika mahali skripti inataka kuzungukia data iliyoko ndani ya C, au C yenyewe inataka kula data inayotoka kwenye itereta ya skripti (itereta ni kitu kinachokupa data moja baada ya nyingine), na hapo lazima uamue mpaka wa hizi pande mbili uupange vipi. Njia zinazotumika kweli ni tatu: kuvuta, kusukuma, na kubeba kwa mafungu. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja wa huku kwetu Kigoma ili tusiongelee hewani.

Mfano ni programu ya mizani ya mwaloni, sema pale Kibirizi. Wavuvi wanakesha ziwani na taa, asubuhi dagaa na migebuka wanashushwa, mzigo unapanda kwenye mizani ya dijitali, kebo inapeleka uzito kwenye kompyuta ndogo, na injini ya C inaandika rekodi: boti gani, samaki gani, kilo ngapi, saa ngapi. Kanuni za ushuru ziko kwenye Lua kwa sababu zinabadilika na hakuna anayetaka kukompaili injini upya kila kiwango kikibadilishwa, na Lua ni ndogo, haifiki hata MB 1. Ripoti za mwezi zinaandikwa kwa Python. Kwa hiyo mpaka unavukwa kwa pande zote mbili: skripti ya Lua inazungukia rekodi za C, na C wakati mwingine inapokea jenereta ya Python (funksheni inayotoa thamani moja moja kwa `yield`) na kuitafuna.

Watu wengi wakifika hapa wanauliza ipi ina kasi. Mi naona hilo liulizwe baadaye kabisa. La kwanza ni nani anashika lupu, na lupu ikikatika katikati nani anafunga faili, nani anaachia kufuli (lile linalozuia wawili kugusa data kwa pamoja), nani anarudisha memori. Ukishajibu hilo njia yako inakuwa karibu imeshajichagua yenyewe.

Tofauti ya kuvuta na kusukuma ukiwa mwaloni unaiona kwa macho: karani anayevuta anasema "leta mwingine" akishamaliza kuandika, ila kwenye kusukuma wachukuzi wanakushushia mizigo mmoja baada ya mwingine na we kazi yako ni kuandika tu, ukitaka wasimame lazima uwe mmekubaliana ishara.

Kuvuta

Hapa C inatoa kitu chenye funksheni ya "nipe inayofuata". Lupu iko kwa anayekula. Mi huwa naanza na umbo hili:

```c
typedef struct Itereta {
    int  (*ifuatayo)(struct Itereta *it, Mzigo *m);
    void (*funga)(struct Itereta *it);
    void *hali;
} Itereta;
/* ifuatayo: 1 = nimekupa, 0 = zimeisha, -1 = kuna era (kosa) */
```

Angalia hayo majibu matatu, maana hapa ndo watu wanabana matumizi wakabaki na mawili. Dunia ya C imejaa funksheni zinazochanganya "zimeisha" na "kuna shida": `readdir` inarudisha NULL kwa yote mawili na inabidi uweke `errno` sifuri kabla ya kuiita ndo ujue kilichotokea, `fgetc` inakupa EOF halafu ukaulize `ferror`. Python nayo iliingia humo humo, `PyIter_Next` inarudisha NULL zikiisha na inarudisha NULL eksepsheni ikitokea, kwa hiyo baada ya lupu lazima uite `PyErr_Occurred()`, na ukisahau programu inaendelea kama vile data imeisha vizuri halafu eksepsheni inakuja kuibuka mahali pengine kabisa ambapo haihusiki. Kwenye Python 3.14 wameongeza `PyIter_NextItem` inayorudisha 1, 0 au -1. SQLite walishafanya hivyo zamani, `sqlite3_step` inakupa SQLITE_ROW ambayo ni 100, SQLITE_DONE ambayo ni 101, na namba nyingine ni era. Usijifanye mjanja, chukua majibu matatu.

Upande wa Lua kuna mtego wake. Lupu ya `for` inasimama pale thamani ya kwanza inayorudishwa na itereta ikiwa nil. Sasa fikiria itereta yako inarudisha kilo moja kwa moja, na kuna mzigo ambao mizani haikusoma, kebo ililegea, ukaamua kuuwakilisha na nil. Lupu inasimama hapo hapo. Hakuna era, hakuna ujumbe, mizigo yote iliyofuata haijahesabiwa na ushuru wa asubuhi hiyo unatoka pungufu, na mtu wa kwanza kugundua atakuwa mhasibu. Dawa ni rahisi, thamani ya kwanza iwe namba ya mzigo ambayo haiwezi kuwa nil, kilo zifuate:

```lua
for i, m in daftari:mizigo() do
  if m.kilo then jumla = jumla + m.kilo
  else tia_alama(i) end
end
```

Sasa kufunga. Skripti ikipiga `break` katikati, itereta yako ya C haipati habari. Ndo udhaifu mkubwa wa kuvuta na ndo unaotenganisha lugha na lugha. Kwenye Lua 5.3 kushuka chini `for` inachukua vitu vitatu, funksheni, hali na thamani ya kuanzia, kwa hiyo ukivunja lupu faili linabaki wazi mpaka kifagio cha memori (garbage collector) kipite na kuita `__gc`, na hujui kitapita lini. Lua 5.4, iliyotoka 2020, iliongeza kitu cha nne, thamani ya kufungwa, ambayo `__close` yake inaitwa lupu ikiisha kwa namna yoyote, iwe imefika mwisho, umevunja au kuna era. `io.lines` ya 5.4 yenyewe inarudisha vitu vinne kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kama uko 5.4 rudisha vinne, na `__gc` uiache kama akiba tu. Kama uko LuaJIT, ambayo msingi wake ni 5.1, huna hiyo, inabidi umpe mwandishi wa skripti `daftari:funga()` na umuombe aikumbuke, na wote tunajua atakumbuka mara ngapi.

Python kwa upande wake haina neno la kufunga kwenye `for`. Kinachookoa ni hesabu ya refarensi ya CPython, yaani Python ya kawaida inahesabu wangapi wameshika kila objekti, ukivunja lupu na hakuna mwingine aliyeshika itereta basi inakufa papo hapo na `tp_dealloc` yako inaitwa. Usiitegemee sana, kwenye PyPy, ambayo ni Python ya aina nyingine, mambo hayaendi hivyo, na hata kwenye CPython mtu akiihifadhi itereta kwenye variabo nyingine itaishi. Kama kuna faili au kufuli nyuma yake, mpe pia `with`.

Kitu kingine cha kuamua mapema ni uhai wa data unayotoa. Je, maandishi ya jina la boti yaliyomo kwenye `Mzigo` ni nakala, au ni pointa ya bafa ya ndani itakayoandikwa juu ukiomba inayofuata? SQLite wanasema wazi kwamba pointa ya `sqlite3_column_text` ni nzuri mpaka hatua inayofuata, na ndo hivyo hivyo inabidi uandike na we. Ukiipeleka Lua kwa `lua_pushlstring` au Python kwa `PyUnicode_FromStringAndSize` nakala inatengenezwa, uko salama. Ukiipeleka kama pointa ndani ya yuzadata (objekti ya C iliyofungashwa ili Lua iishike) ili ukwepe kunakili, jiandae kwa skripti itakayoweka mizigo yote kwenye jedwali halafu iisome mwishoni na kukuta boti zote zina jina la boti ya mwisho.

Halafu kuna suala la kubadilisha daftari wakati lupu inaendelea. Kila lugha ina sheria yake. `lua_next` inakuruhusu kufuta au kubadilisha kilichopo ila ukiongeza ufunguo mpya katikati tabia yake haijulikani. Dikti ya Python ikibadilika ukubwa ukiwa ndani ya lupu inakurushia RuntimeError. Kwenye C hakuna wa kukulinda. Mi napenda namna ya Python: weka namba ya toleo kwenye daftari, iongeze kila linapobadilika, itereta ikumbuke toleo ililoanza nalo, zikipishana rudisha -1. Ni ulinganisho wa namba moja tu kwa kila hatua, bei yake huwezi kuisikia.

Kusukuma, yaani kolbaki

Hapa lupu iko C, na skripti inatoa funksheni tu, ambayo C inaiita kwa kila mzigo; hiyo ndo kolbaki:

```c
int pitia_mizigo(Daftari *d,
                 int (*kazi)(const Mzigo *m, void *wangu),
                 void *wangu);
```

Kuna dogo mmoja wa Mwanga anajifunza C, aliponiona na itereta ndefu akaniuliza, "Kaka, sasa mbona usitumie kolbaki tu, si mistari michache?" Nikamwambia michache upande wako dogo, anayeandika skripti ndo atalipa. Lakini tuwe wa haki, kolbaki ina mahali pake na uzuri wake ni ule ule ambao kuvuta imekosa: usafi. Unafungua faili juu, lupu katikati, unafunga chini, yote ndani ya funksheni moja, na anayekula hawezi kuondoka na mlango wazi. Kama daftari linalindwa na kufuli unalishika na kuliachia sehemu moja. Na kama data yako ni mti, mfano wilaya, mialo, boti, safari, basi kuupita mti kwa kujirudia ndani ya C ni mistari mitano, wakati kwa kuvuta inabidi utunze steki yako mwenyewe ya mahali ulipofikia.

Matatizo yanaanza pale kolbaki ni ya skripti. Kwenye Lua era ni `longjmp`. Yaani funksheni ya Lua ikirusha era ndani ya lupu yako, udhibiti unaruka moja kwa moja mpaka kwenye `pcall` (mwito unaonasa era) iliyo juu, ikipita kichwani mwa funksheni yako ya C bila kuigusa, `fclose` haijaitwa, kufuli halijaachiwa, `free` haijafika. (Ukiikompaili Lua kwa C++ inatumia eksepsheni za C++, hiyo ni habari nyingine.) Kwa hiyo ule usafi niliousifia unakuwepo tu kama ndani ya kolbaki umeita kwa `lua_pcall`, ukaiweka ile era pembeni, ukarudisha ishara ya kusimama, lupu ikafunga kila kitu, na baada ya hapo ndo ukairusha era tena kwa `lua_error`. Ni hatua nne na zote za lazima. Python ni mpole zaidi, eksepsheni ni alama tu iliyowekwa pembeni na kolbaki inakurudishia NULL, kwa hiyo unarudisha -1 na kutoka kistaarabu. Ruby iko karibu na Lua, mtu akipiga `break` ndani ya bloku udhibiti unaruka, na ndo maana kuna `rb_ensure`, itumie bila kujadili.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi na halina plasta: kolbaki haiwezi kupumzika. Skripti ya Lua inayoendeshwa ndani ya korutini (kodi inayoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye), mfano inasubiri mzigo unaofuata huku skrini ikiendelea kufanya kazi, ikiita `coroutine.yield` ndani ya kolbaki yako inapata "attempt to yield across a C-call boundary" na mchezo umeisha. Kuanzia 5.2 kuna `lua_callk` na `lua_pcallk` zinazokuwezesha kuendelea baada ya kupumzika, ila lazima funksheni yako ya C uwe umeikata vipande viwili, na kama lupu yenyewe iko ndani ya laibrari ya mtu mwingine huwezi kuikata. Jenereta ya Python nayo haiwezi kufanya `yield` kutokea ndani ya kolbaki iliyoitwa na C, ile `yield` ni ya funksheni ilimoandikwa, basi.

La tatu, huwezi kuzungukia vitu viwili sambamba. Tuseme unataka kulinganisha orodha ya mizigo iliyopimwa na orodha ya stakabadhi za ushuru, zote zimepangwa kwa saa, uone mzigo gani umepita bila kulipiwa. Kwa kuvuta unashika itereta mbili mkononi, unasogeza ile iliyo nyuma, mistari kumi umemaliza. Kwa kusukuma kila upande unataka kuwa bosi wa lupu, na suluhisho linakuwa kuhifadhi moja yote kwenye memori kwanza.

Na hapa ndo kwenye hoja ambayo kwangu inaamua karibu kila kitu. Ukiwa na itereta ya kuvuta, kutengeneza ya kusukuma juu yake ni kazi ya dakika mbili: lupu inayoita `ifuatayo`, inaita `kazi`, mwisho inaita `funga`. Kinyume chake ni mateso. Ukiwa na ya kusukuma na mtu anataka kuvuta, inabidi lupu nzima uisimamishe katikati na kuirudia baadaye, maana yake inahitaji steki yake: korutini, thredi, au ukusanye vyote kwanza. Ruby ndo wanalipa gharama hiyo hadharani, msingi wao ni `each` na bloku, yaani kusukuma, na ukiita `next` kwenye Enumerator nyuma ya pazia inatengenezwa Fiber yenye steki yake. Inafanya kazi, ila wao wana timu nzima ya kuitunza hiyo lugha, na we uko na laptopu moja pale Mwanga.

LuaJIT wameliandika hili kabisa kwenye maelezo ya FFI yao, ile njia ya kuita C moja kwa moja kutoka Lua: kolbaki kutoka C kwenda Lua ni za polepole, na kwa miundo mipya wanashauri kuvuta badala ya kusukuma. Kule sababu ni kasi zaidi, kuita C kutoka kwenye kodi iliyokompailiwa ni rahisi sana ila kurudi kutoka C kwenda Lua inaharibu ule mteremko wote.

Kubeba kwa mafungu

Kuna aina mbili hapa na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kubeba vyote: kwenye Python unaita `PySequence_Fast`, itereta yoyote inageuka kuwa orodha, halafu unatembea na faharasa. Ni tamu kuandika, na kwa mizigo ya asubuhi moja haina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba haijui jenereta isiyo na mwisho. Ukiipa jenereta inayosoma mizani moja kwa moja itakaa pale inajaza memori mpaka mashine ilale, na mtumiaji anaona tu kwamba imeganda.

Ya pili ndo ya maana, fungu lenye kikomo:

```c
long chota(Itereta *it, Mzigo *bafa, size_t nafasi);
/* idadi iliyochotwa, 0 = zimeisha, -1 = era */
```

Faida yake ni bei ya kuvuka mpaka. Kila kitu kimoja kinapovuka kutoka C kwenda Python kuna objekti inatengenezwa, kuna hesabu ya refarensi inapanda na kushuka, kuna kukagua aina. Kwa faili la mwaka mzima hiyo inakuwa sehemu kubwa ya muda wote, na kazi yenyewe ya kujumlisha kilo ni kidogo. Ukichota mia mia unavuka mara chache. Na kwenye Python kuna njia nzuri zaidi kwa namba tupu, itifaki ya bafa, PEP 3118, ambapo C inaionyesha kumbukumbu yake na NumPy au `memoryview` wanasoma humo humo bila kutengeneza objekti ya kila namba. Lua ya kawaida haina kitu kama hicho, pale unatoa yuzadata yenye `__index` na `__len` na unaishia hapo. Na kwa kweli kama data yako tayari ni safu ya C iliyokaa kwenye memori, jiulize kwa nini unahitaji itereta hata kidogo. Faharasa inatosha, na kuanzia Lua 5.3 `ipairs` inaheshimu `__index`.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye mafungu. Kwanza, era katikati: umechota 40 nzuri, ya 41 faili limeharibika. Rudisha 40, halafu era ije kwenye mwito unaofuata, ndo tabia ya `read` ya Unix na watu wameizoea. Ukirudisha -1 papo hapo umewatupa wale 40.

Pili, usisubiri fungu lijae. Mizani inatoa mzigo mmoja kila baada ya muda, karani anataka auone kwenye skrini sasa hivi, na kama `chota` inang'ang'ania ipate mia ndo irudi, karani atauona saa nne wakati mwenye mzigo ameshapanda treni ya kwenda Tabora. Chochote kilichopo, hata kimoja, rudisha.

Tatu, fungu tupu. Hili linaonekana la kitoto mpaka likukute. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kuna miezi mizima ambayo daftari la mwalo halina mzigo hata mmoja. Kodi inayohesabu idadi kwanza halafu inaita `malloc(idadi * sizeof(Mzigo))` inaishia kuita `malloc(0)`, ambayo kwa kanuni za C inaruhusiwa kurudisha NULL au pointa isiyotakiwa kuguswa, inategemea mfumo. Kwenye mashine moja ripoti ya Juni inatoka na sifuri, kwenye nyingine inasema memori imeisha. Ni kodi ile ile.

C ikiwa ndo mlaji

Mpaka sasa nimeongelea zaidi C inatoa na skripti inakula. Kinyume chake hakina uchaguzi mkubwa, itereta za Python na Lua zenyewe ni za kuvuta kwa hiyo na we unavuta:

```c
PyObject *it = PyObject_GetIter(chanzo), *x;
if (!it) return NULL;
while ((x = PyIter_Next(it))) {
    int sawa = meza(x);
    Py_DECREF(x);
    if (!sawa) break;
}
Py_DECREF(it);
if (PyErr_Occurred()) return NULL;
```

Hiyo `Py_DECREF(x)` ikikosekana unavujisha objekti moja kwa kila mzigo. Na ile `Py_DECREF(it)` ina kazi zaidi ya memori, kama chanzo ni jenereta iliyosimama katikati na hakuna mwingine anayeishika basi hapo ndo inafungwa na `finally` iliyomo ndani yake inakimbia, kwa hiyo usiicheleweshe bila sababu.

Upande wa Lua wengi wanashika vile vitu vitatu na kuita `lua_pcall` kwenye lupu, vizuri, ila wanasahau kwamba kwenye 5.4 kuna cha nne. Ukiwa C hakuna `for` ya kukufungia, inabidi uiweke alama ile nafasi ya steki kwa `lua_toclose`, na itafungwa ukiitoa kwenye steki au funksheni yako ikirudi. Na ukitembea kwenye jedwali kwa `lua_next`, usiite `lua_tolstring` kwenye ufunguo kabla hujajua kwamba ni stringi, maana kama ni namba inaugeuza pale pale kwenye steki na `lua_next` inayofuata inapotea njia. Tengeneza nakala kwa `lua_pushvalue` kwanza.

Sasa uchague ipi

Kama laibrari ni mpya na iko mikononi mwako, weka kuvuta iwe msingi, yenye majibu matatu na `funga`, halafu juu yake weka `chota` kwa ajili ya kasi. Sukuma utaipata bure kwa anayeitaka. Hii ndo napendekeza kwa mizani ya Kibirizi na sijaona sababu ya kuogopa.

Kama lugha yako ni Ruby, usipigane nayo, toa `each` kwa `rb_yield`, zungushia `rb_ensure`, na uweke `RETURN_ENUMERATOR` mwanzoni ili mtu asipotoa bloku apate Enumerator.

Kama umerithi laibrari ya C yenye kolbaki tu na huwezi kuigusa, na data yake ina ukubwa unaojulikana na wa wastani, usihangaike na thredi. Ikusanye yote kwenye safu ndani ya kolbaki ya C tupu, bila kuita skripti hata mara moja, halafu skripti ivute kutoka kwenye hiyo safu. Umetumia memori kidogo zaidi, ila umejiepusha na `longjmp`, umejiepusha na mpaka wa korutini, na era zote zinabaki upande unaozielewa. Kama data haina mwisho hapo ndo uanze kufikiria thredi na foleni kati yake, na kwenye Python ukumbuke `PyGILState_Ensure`, inayoshika kufuli kuu la Python, kabla thredi hiyo haijagusa objekti yoyote.

Kama kuna kufuli ambalo haliwezi kuachwa limeshikwa wakati skripti inatafakari, kuvuta kunakuwa hatari kwa sababu skripti inaweza kulala katikati ya lupu na boti zote zinasubiri. Hapo chota fungu ndani ya kufuli, achia kufuli, ndo uipe skripti.

Na ukishamaliza kuandika, majaribio yanayofichua zaidi ni haya: vunja lupu kwenye kitu cha pili, rusha era kwenye cha tatu, endesha daftari tupu la Juni, fungua itereta mbili za daftari lile lile, moja ikiwa ndani ya nyingine, na ongeza mzigo wakati lupu inaendelea. Weka kihesabu kinachopanda ukifungua na kushuka kwenye `funga`, kila jaribio likiisha kiwe sifuri, na uendeshe yote chini ya Valgrind au kwa `-fsanitize=address`, zana zinazofichua makosa ya memori, kabla hujampelekea mtu wa mwaloni.